Jinsi Babu Alivyokuwa Akiinuka

Mwanangu alianza kuinuka kama mzee akiwa na miaka mitatu, nasi tukacheka.

Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na hilo halina mjadala. Hata ukizalia Houston, simu za nyumbani zitauliza kwanza kama amefanana na mwenye jina, uzito utaulizwa baadaye. Baba mkwe wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya mtoto kuzaliwa, na mume wangu hakuweza kwenda kumzika kwa sababu karatasi zake za uhamiaji zilikuwa bado hazijatoka. Alitazama mazishi ya baba yake kwenye simu, akiwa ameegesha gari nje ya kazini. Kwa hiyo siku mtoto alipozaliwa alimshika kwa mikono miwili akamwita Babu, na hakuna aliyemwita vingine tena. Kanisani nikawa Mama Babu. Jina lililoandikwa kwenye cheti likabaki la daktari wa meno na walimu.

Marehemu alikuwa na magoti mabovu. Akitaka kuinuka kigodani alishika magoti, akapandisha mikono mapajani kidogo kidogo, akanyoosha mgongo na kusema, "Ee Mungu wangu." Familia nzima ilijua kumwiga. Sasa fikiria mtoto ambaye hakuwahi kumwona, yuko sebuleni kwetu Pearland, nje kidogo ya Houston, anataka kusimama kutoka kwenye zulia. Anageuka kwanza na kuinamia sakafu kwa mikono na magoti. Anainua makalio. Kisha anashika magoti yake na kujipanda mwenyewe kwa mikono, goti, paja, kiuno, mpaka amesimama. Mume wangu alipoona mara ya kwanza alikaa kwenye ngazi akalia, halafu akacheka, halafu akapigia ndugu zake wote simu kuwaambia mzee amerudi.

Kuinuka huko hakufundishwa na mtu. Alichofundishwa na baba yake ni yale maneno. Mwanangu ukimuuliza kwa Kiswahili kama anataka ugali atakujibu kwa Kiingereza, lakini "Ee Mungu wangu" aliyasema kwa sauti ya chini, akiyavuta, kama mtu aliyelima ekari mbili. Kanisa letu hukutana mtaa wa Alief, katika ukumbi wa kukodi, Jumapili mchana. Watoto huitwa mbele kukaa kwenye zulia na kusikiliza hadithi yao, na wakiambiwa warudi kwa wazazi, watu wote walikuwa wakinyoosha shingo kumsubiri Babu ainuke. Akisema maneno yake ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mchungaji mwenyewe alikuwa akipangusa macho. Babu alijua kungoja kidogo kabla ya kusema, kama mchekeshaji.

Baada ya ibada, kwenye chai na mandazi, kina mama walimshika mashavu ya miguu, yale manene ya nyuma chini ya goti. Yalikuwa makubwa na magumu.

"Mama Babu, huyu ni wa mpira. Una-feed huyu nini?"

"Ugali na sukuma," nikajibu, nikijivuna kama niliyeyafinyanga mwenyewe.

Mimi ni nesi. Niseme hilo mapema ili usinionee huruma mahali nisipostahili. Nafanya kazi katika wodi ya watu wazima waliopasuliwa nyonga na magoti, na kazi yangu ya kila siku ni kutazama jinsi mtu anavyoinuka kitini. Naweza kukuambia kwa kutazama tu ni msuli gani uliolegea. Kinyozi hajinyoi, wanasema, ila mimi nilikuwa na wembe mkononi kila siku na kioo mbele yangu.

Mama yangu alikuja kututembelea Babu akiwa na miaka minne. Nilikuwa nimeingoja ziara hiyo miaka. Nilitaka aone nyumba yetu, na hasa aone ngazi, kwa sababu nilipokuwa mdogo niliapa kwamba nitaishi katika nyumba yenye ngazi ndani. Siku ya pili alikuwa amekaa kwenye kochi akichambua mboga. Babu akaanza kuinuka zuliani, akajipanda, akasema maneno yake, akageuka kumtazama nyanya yake ili apate kicheko. Mama hakucheka. Kisu kilisimama mkononi. Nikadhani hakusikia vizuri, nikamwambia mtoto arudie. Akarudia.

"Msimcheke," mama akasema.

"Anafanya kama babu yake, mama. Anafurahi mwenyewe."

"Nimesema msimcheke. Na msimwite Babu."

Kwa wiki tatu zilizobaki alimbeba mtoto huyo kupanda ngazi na kushuka, mtoto wa miaka minne, yeye mwenye mgongo wake mbovu. Nikimwambia amwache atembee ananyamaza na kumbeba. Mimi nikajipa tafsiri yangu. Nilijua upande wa mume wangu ulikuwa umetangaza kurudi kwa mzee mpaka kwenye mifereji ya maji kijijini, na nikaona mama ameumia kwamba upande wetu haukupata jina. Wivu wa ukoo, nikasema. Siku ya kwenda uwanja wa ndege nilimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake. Nilimwambia kama angetaka jina la kwao lirudi, ningezaa wa pili, lakini jina la huyu lina mwenyewe, na asiniletee vita vya wakwe nyumbani kwangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliondoka bila kujibu, na baada ya hapo simu zetu zikawa za salamu na mvua.

Hivyo nilipoteza mwaka mmoja na nusu.

Karibu atimize sita, Babu aliumwa tumbo, la kawaida tu, na daktari wa watoto akapima damu. Vipimo vya ini vikarudi vimepanda sana. Nikashikwa na hofu ya ini. Nikaacha kumpa mafuta, nikafuta mandazi, nikatafuta kila dawa aliyowahi kunywa. Ini likapigwa picha, likaonekana zima kabisa. Nikashukuru Mungu kwa sauti ndani ya gari. Ndipo tukatumwa kwa daktari mwingine, mama wa makamo aliyevaa viatu vya raba, naye hakuuliza habari za ini hata kidogo. Alimwambia Babu alale chali sakafuni, halafu ainuke.

Babu akafurahi, maana alikuwa amepata watazamaji. Akageuka, akainamia sakafu, akainua makalio, akajipanda goti, paja, kiuno. Akangoja kidogo. "Ee Mungu wangu."

Daktari hakujua maana yake. Alitabasamu kwa mtoto, kisha akanitazama mimi, na tabasamu likawa limekwisha. Akashika mashavu ya miguu yake kama walivyokuwa wakiyashika kina mama wa kanisani, akayabonyeza taratibu. Akaniuliza ameinuka hivyo tangu lini.

"Tangu miaka mitatu," nikasema. "Alipewa jina la babu yake." Nilisema hivyo kweli, kama jibu la kitabibu.

Akanieleza kwamba kile kipimo cha damu tulichodhani ni cha ini hupanda pia misuli ikivunjika, na kwamba kuna kingine cha misuli peke yake ambacho angekiagiza siku hiyo. Nilimkatiza. Nikamuuliza kama watamkata. Aliniuliza kumkata wapi, nikamwonyesha paja langu, kwa kidole, bila kufikiri. Akasema hapana, siku hizi mara nyingi hatuhitaji kukata kipande cha msuli, kuna njia zisizoumiza. Nikamshika mkono nikamshukuru kupita kiasi. Nadhani alishangaa kwa nini nilichagua jambo hilo la kushukuru.

Nilikuwa na kaka. Alinitangulia kwa miaka minane. Alitembea kama watoto wengine, halafu akaanza kuanguka anguka, na kwa kuwa ilikuwa baada ya kudungwa sindano ya malaria pajani katika zahanati yetu, kila mtu alijua kilichomharibu ni sindano ya yule nesi. Mama alimpeleka hospitali kubwa jijini. Wakamkata kipande cha nyama pajani wakapime, wakasema warudi kuchukua majibu. Kidonda kikaoza. Baba akasema mtoto wake hakatwi tena na yeyote, na majibu hayakufuatwa. Nilipopata akili kaka alikuwa hatembei tena, ana kovu refu pajani ambalo aliniruhusu kuligusa. Alikufa kwa kifua kabla ya kufika miaka ishirini. Ndiyo sababu nikawa nesi. Nilitaka kujifunza kudunga sindano bila kumharibu mtoto wa mtu.

Ukiniuliza ilikuwaje nisiunganishe mambo haya mawili, nitakujibu hivi: Kaka alikuwa ni habari ya sindano, na Babu alikuwa ni habari ya babu yake. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake yaliyokamilika.

Siku ya picha tuliingia chumba chenye giza kidogo, mume wangu akiwa kazini. Fundi wa altrasaundi alikuwa kijana mpole. Alimwambia Babu kwamba haitauma, ni jeli ya baridi tu na kifaa kama sabuni. Babu akamuuliza kama ni mashine ya kutazama watoto tumboni, na kama kuna mtoto mguuni mwake. Fundi akacheka, akapaka jeli, akapitisha kifaa juu ya paja, kisha kwenye shavu la mguu. Kwenye kioo kulikuwa na weupe. Weupe uliotanda, kama unga umemwagika mezani.

Babu akataka kuona na mguu wa mama. Fundi alisita, lakini ni mtoto aliyeomba vizuri, basi nikapandisha suruali nikaweka mguu kitandani. Jeli ilikuwa ya baridi kweli. Kwenye kioo msuli wangu ukatokea mweusi, safi, una mistari myembamba inayokwenda pamoja. Fundi aliondoa kifaa haraka.

Babu akasema kwa Kiingereza chake kwamba wake ni mzuri zaidi, unang'aa.

Nilimuuliza fundi anaona nini. Akasema daktari atazungumza nanyi. Ninalijua jibu hilo. Nimelitoa mara nyingi mwenyewe, kwa sauti ile ile, macho kwenye mashine, na kila nilipolitoa nilikuwa najua. Nikampangusa Babu jeli kwa karatasi, nikampangusa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na nikamsifu kwa kutulia.

Baada ya hapo kilibaki kipimo cha jeni, nacho pia hakikuuma: kijiti cha pamba kilichosuguliwa ndani ya shavu la mdomo. Babu alisema kinatekenya. Wakaninyooshea nami kijiti changu. Daktari akauliza kama katika familia ya mama kuna mwanamume aliyekuwa na tatizo la miguu.

Nikafungua mdomo niseme sindano. Nilikaa pale na mdomo wazi kama mjinga, na Babu akacheka akidhani nangoja kijiti kingine.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Ni ugonjwa wa misuli unaowapata wavulana, wanarithi kwa mama. Misuli inavunjika taratibu na mafuta yanachukua nafasi yake, ndiyo maana miguu ile ilinenepa. Kuna dawa za kuuchelewesha, na tulizianza. Za kuuondoa hakuna. Mashavu yale niliyojivunia mbele ya kanisa yalikuwa ni ugonjwa wenyewe, na mimi ndiye niliyempa. Nimesomea, najua kwamba mtu hachagui jeni. Haisaidii kitu.

Kumwambia mume wangu kulikuwa kugumu kuliko kuambiwa. Tulikaa garini, ndani ya gereji, mlango umefungwa. Nikamweleza kwamba kuinuka kule kuna jina la daktari mmoja wa zamani, kwamba ndiyo dalili yenyewe, iko vitabuni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"So haikuwa mzee," akasema.

"Haikuwa mzee."

Akaweka paji la uso kwenye usukani. Nilijua kwamba siku ile alikuwa anamzika baba yake, kwa mara ya kwanza sawasawa, na mwanawe amelala ndani ya nyumba akiwa mzima bado. Nilimshika shingo.

Jumamosi iliyofuata asubuhi nilimpigia mama. Kwao ilikuwa jioni, ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini alipoona uso wangu kwenye simu aliuliza yeye.

"Ni kama ya kaka yako?"

"Ndiyo, mama."

"Walimkata?"

"Hawakumkata. Walimpaka kitu mguuni wakapitisha mashine. Halafu wakamgusa shavu kwa pamba. Basi."

"Hakulia?"

"Alicheka."

Nyuma yake nilisikia ndoo ikiwekwa chini. "Kumbe haikuwa sindano," akasema. "Yule nesi wa watu nimemlaani mpaka amekufa."

Nikamwomba msamaha kwa maneno ya ile siku ya uwanja wa ndege. Hakuyagusa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini alimbeba tu na kunyamaza. Akasema alijiambia kwamba akilitaja litakuwa kweli, na asipolitaja labda ni babu yake kweli. Alimwomba Mungu iwe ni mimi niliye sahihi na yeye awe mwanamke mwenye wivu. Mficha maradhi kifo humuumbua, angeweza mtu kumwambia, lakini si mimi wa kumwambia. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe kila siku, tena nikiyapigia makofi.

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Nilikosea nilipowaambia msimcheke. Kaka yako naye alikuwa na michezo yake akiinuka. Alikuwa akisema yeye ni ngamia. Tulikuwa tunacheka sana. Alipoanza kuzidiwa tukaacha, ukaona nyumba nzima kimya kila akiinuka. Akaniuliza, mama, nimefanya nini? Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alijulia hapo." Akapangusa uso kwa leso ya kichwani. "Mtoto wako hajui bado. Msimwambie kwa njia hiyo."

Mume wangu alikuwa amemwomba mchungaji atuombee faraghani. Faragha ya kanisa letu ni kikundi cha maombi kwenye simu chenye watu wote. Nilikasirika sana, nikataka tusiende Jumapili, lakini Babu alikuwa ameshavaa viatu vyake na anangoja mlangoni. Tukaenda. Kina mama walinikumbatia mmoja mmoja kwa mikono laini mno. Hakuna aliyemshika Babu mashavu ya miguu.

Watoto wakaitwa mbele. Wakasikiliza hadithi yao. Wakaambiwa warudi kwa wazazi, wenzake wakaruka kama panzi wakaondoka, akabaki yeye katikati ya zulia. Akageuka, akainamia sakafu, akainua makalio. Ilimchukua muda mrefu zaidi kuliko zamani, au mimi ndiye nilikuwa nahesabu sasa. Goti. Paja. Kiuno. Akasimama, akangoja kidogo kama mchekeshaji.

"Ee Mungu wangu."

Ukumbi ulikuwa kimya. Mtu mmoja nyuma yangu alivuta kamasi. Mchungaji alikuwa anatazama Biblia yake iliyofungwa. Babu akaangalia upande mmoja, akaangalia upande wa pili, akitafuta watu wake.

Kisha akakaa chini tena. Akaanza upya, polepole, mikono sakafuni, makalio juu, goti, paja, kiuno, na safari hii alivyosimama alikuwa anatweta. Akasema kwa sauti kubwa zaidi, akiyavuta maneno mpaka mwisho wa pumzi yake.

Nikacheka. Sijui kilitoka wapi. Nilicheka kwa nguvu, peke yangu, katika ukumbi wa watu wanaolia, mpaka mume wangu naye akaanza, akicheka huku machozi yanamtiririka, kisha mama mmoja, kisha wengine, mpaka ukumbi mzima ukawa unacheka kama zamani. Babu akainama kidogo kuwashukuru. Akaja kwangu akitembea kwa ncha za vidole vya miguu, kama anavyotembea, akapanda mapajani mwangu kwa kunishika nguo.

Akaninong'oneza sikioni, kwa Kiingereza, kwamba mara ya kwanza hawakumwona.

"Ndiyo," nikamwambia. "Hatukukuona."